Siku Watoto Walipomhukumu Mwalimu

Mwalimu,

Nakuandikia kutoka Kiogoro, kwa shangazi yangu, kabla sijashuka Kisii mjini. Naandika kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Tangu tukuzike nyuma ya nyumba yako Nyamache, mlango wa shule umepigiliwa misumari. Askari wa Chifu walipasua madawati wakayafanya kuni. Mkeo amekwenda kwa kaka yake, yule anayekamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Nyansiongo. Watoto wakiniona njiani wanatazama chini. Wanajua mimi ni karani wa Chifu na kwamba siku ile barazani nilikuwa mezani nikiandika. Hawajui lililotangulia. Wewe pia hukulijua.

Unakumbuka somo la serikali? Nilikuwa nimepita kukusalimu, nikakaa nyuma kama zamani uliponifundisha. Ulisema anayetunga sheria asiwe ndiye anayeshika fimbo, na anayeshika fimbo asiwe ndiye anayeamua. Kila mmoja amzuie mwenzake. Ukawagawa watoto: hawa watunge sheria ya kuchelewa, hawa wakamate, hawa wahukumu. Kesho yake, kama ulivyonisimulia, ukachelewa mwenyewe, mto umefurika, suruali imelowa. Kemunto, jaji wa miaka kumi na miwili, akakuambia, "Mwalimu, mto huu haukuanza kufurika leo. Utapalilia migomba ya shule." Darasa zima likaangua kicheko. Ukachukua jembe ukasema, "Sheria ikinishika mimi, imekomaa."

Kisa hicho nilikisimulia mimi, ofisini kwa Chifu. Nilitaka tu wazee wacheke, nao wakacheka. Chifu peke yake hakucheka. Aliuliza polepole, "Na mimi nikikosea, nitapalilia migomba ya nani?" Wakacheka zaidi, wakidhani ni mzaha. Nami nilicheka, Mwalimu.

Ijumaa askari wakakuleta barazani umefungwa kamba. Chifu alisoma amri aliyoitunga asubuhi hiyo, akakuhukumu papo hapo, kisha akamnyang'anya askari kiboko akakupiga kwa mkono wake. Mgongoni kwanza. Ulipogeuka, usoni. Jicho la kushoto... sitaliandika. Watoto walikuwa wameketishwa mbele ili waone. Mzee mmoja alisema, "Omogaka, mkubwa wetu, inatosha," akapigwa teke la tumbo. Ulipokuwa huwezi tena kuinua kichwa ulinitafuta kwa jicho lililobaki, ukasema, "Andika unachokiona." Chifu akasema, "Karani, andika: ameanguka kutoka paa la shule."

Nikaandika ameanguka. Damu yako ilirukia ukurasa, nikaifuta kwa karatasi ile ninayokaushia wino.

Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuja, akasoma, akasema mwandiko ni safi. Yeye ndiye aliyemweka Chifu, na yeye ndiye hakimu wetu. Ningempelekea nani? Lakini juma hili amefika Kisii mjini jaji kutoka Nairobi kusikiliza kesi za mauaji, na wanasema DC hamwamrishi. Sijui kama ni kweli. Nimeandika kurasa mbili, nilichokiona na nilichokisimulia.

Jana mchana askari wawili walinikuta sokoni. Sijui nani aliwaambia kuhusu kurasa hizo. Mmoja alikishika kidole changu kidogo akakikunja mpaka kikavunjika, watu wakinunua ndizi. "Hiki hakiandiki," alisema. "Kesho tutatafuta kinachoandika." Nikakimbilia huku kwa njia ya mashamba. Shangazi amekifunga kwa kitambaa chake cha kanisani.

Ninaogopa, Mwalimu. Siwezi kukuahidi ushujaa. Nakuahidi hili: jaji akiuliza nani aliandika kwamba ulianguka, nitasema ni mimi. Kisha nitamtaja aliyekupiga, kwa jina lake na la baba yake, Chifu akiwa amekaa palepale ananitazama. Hata nikijikojolea, nitasoma kurasa zote mbili.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Kumekucha, naondoka.

Onchari