Chupa ya Tatu Dirishani

Chekalini,
Jumapili, baada ya kanisa

Mjukuu wangu Sylvia,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Mimi ni mzima, magoti tu yananisumbua, na hayo umeyazoea. Wewe unakula? Usinidanganye. Anayeniandikia ni Zilpah, mwenzangu wa kanisani. Nimemwonya asirembeshe neno langu hata moja.

Mjomba wako Wanzala ameniambia unataka kuacha masomo. Eti mwalimu wako amekataa matokeo ya chupa ya tatu, na wewe umeamini mikono yako haifai. Tangu nisikie, sikai. Naanza kupalilia, naacha. Nasonga obusuma, unaungua.

Chuo kilipofungwa ulileta hizo chupa tatu ukazipanga kwenye sinia dirishani. Nikasema huo ni ukoga wa mtaroni. Ukacheka, ukasema ni viumbe hai vidogo kupita jicho; vikitiwa chumvi, chumvi inavuta maji yatoke mwilini mwao, navyo vinajitengenezea sukari humo ndani ili maji yabaki. Nilielewa kuliko ulivyodhani. Babu yako alikatanga miwa mpaka shati likawa jeupe kwa chumvi ya jasho, na hakukosa kipande cha muwa mdomoni. Uliniachia kazi moja: nizitikise kila asubuhi, nisiongeze kitu.

Sasa sikiliza. Ile ya tatu, yenye chumvi nyingi, iliniteleza mkononi siku ya pili. Nusu ikamwagika. Niliona haya kukuambia, nikaijaza maji ya kisima na musherekha, chumvi yangu ya majivu ya maganda ya maharagwe ninayopikia mboga. Nilidhani chumvi ni chumvi. Siku ya sita ikawa njano kama mkojo wa ng'ombe. Uliporudi ukaandika kwamba vimeshindwa, nami nilisimama hapo mlangoni nikanyamaza.

Havikushindwa, mwanangu. Mimi ndiye niliyeviua. Mwambie mwalimu hivyo hivyo. Akikataa, nitakuja na magoti yangu nimwambie mwenyewe.

Ile iliyomwagika niliikomba kwenye sinia nikaitia katika kikombe cha babu yako, maana kutupa kiumbe hai sikuweza. Maji yamekauka, yamebaki kimo cha kidole, na chumvi imeganda ukingoni, nyeupe kama ya lile shati. Leo asubuhi nimechungulia tena. Ni kijani.

Njoo ukichukue kikombe hicho. Wanzala anakusalimu, Zilpah naye. Ingokho ya kukuchinjia ipo, kuku mnono kabisa; ukinikasirikia, kasirika huku unakula.

Kukhu wako,
Navalayo
(dole gumba langu ndilo hili)