Baba Mkubwa wa Kukodi

Katesh, Jumatatu

Farouk,

Hali yako siiulizi. Huku mvua imenyesha na bibi hajambo.

Baba mkubwa uliyemtuma kuleta posa alikula pilau, kisha tukamwekea filamu ya Kihindi. Kijana kwenye filamu alikodi wazazi wa uongo ili apewe mchumba. Mgeni wetu alicheka hadi machozi.

"Wazazi wawili wa nini?" akasema. "Mwenzake Farouk kanichukua mimi peke yangu, na kazi inakwenda."

Bibi akazima televisheni. "Kumbe wewe ni nani, baba?"

Akasema ni fundi baiskeli wa Dongobesh. Baba mkubwa wako halisi alikataa kuja, kwa sababu mwaka jana alikuposea Samira, na Samira yuko nyumbani kwako Haydom.

Ungeniambia una mke, ningekujibu ndiyo au hapana. Ukachagua kuniigizia.

Namba ya Samira alitupa fundi huyo, nikampigia. Ametualika chakula cha mchana Jumamosi, bibi na mimi. Anadhani sisi ni ndugu zako wa Katesh. Utatutambulisha mwenyewe, mbele yake.

Hadiya