Leohau ya Kweli

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mvua ya mji wetu wa Hilo, ile isiyo na haraka. Siku isiponyesha nahisi kama nimesahau kuvaa kitu.

Clyde amekuja na gitaa lake la chuma. Kalifunika kwa koti la mvua, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Nikamwambia, mtu mzima ovyo, si ungevaa wewe hilo koti? Hakucheka. Clyde huyu ambaye tangu tukiwa wadogo hajaacha kuniita Shelisheli kwa sababu jina langu, Ulu, kwa lugha yetu ni tunda hilo! Nikajua kuna jambo.

Akalilaza gitaa mezani, akalegeza skrubu, akachomoa kinasa — kile kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi na kuupeleka mlio kwenye spika. Akakigeuza. Nyuma pameandikwa Leohau kwa mwandiko wangu, kama vyote ninavyotengeneza.

"Ulu, usinikasirikie mimi," akasema. "Wapigaji gitaa wa Honolulu wanasema hiki feki."

Feki!

Kumbe huko mtandaoni watu wamegawanyika. Leohau ya kweli, wanasema, inatengenezwa na Melvin, mtoto wa kiume wa mzee Kaawa. Ya Hilo ni ya kuiga, kazi ya mwanamke fulani. Mwanamke fulani! Melvin ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Nilibandika chai ya Clyde nikaisahau jikoni mpaka maji yakakauka na sufuria ikaanza kunuka.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimezungushia waya kinasa kimoja tu leo. Polepole, macho nimeyafumba nusu.

Cherehani ni ya marehemu mama. Haishoni tena. Kwenye gurudumu nimefunga kijisanduku kitupu, nakanyaga pedali, waya wa shaba unapita vidoleni mwembamba kama unywele wa mtoto. Sihesabu mizunguko. Baba alinifundisha kuimba. Wimbo ukiisha, kinasa kimejaa, kata waya. Pale unapovuta pumzi mguu unalegea, na waya nao unalegea kidogo. Nadhani sauti inapata unyevu wake hapo. Wimbo ni wa Baba mwenyewe, sijausikia kwa mtu mwingine yeyote, na kila ubeti unaishia kwenye neno hilohilo: Leohau, sauti ya umande.

Nikifika ubeti wa pili huwa sipo tena chumbani. Leo nilikuwa juu ya maji ya ghuba, miguu haizami, na chini yangu samaki walikuwa wanasikiliza. Nikazinduka wimbo umekwisha, waya uko vizuri kabisa. Nani alizungusha?

Melvin ana mashine ya umeme yenye kuhesabu yenyewe. Naye alifundishwa na Baba, tena kabla yangu, wakati mimi nimeolewa kisiwani Maui. Kwa hiyo siwezi kusema anadanganya. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti angekuwa mwongo, ningelala.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimempigia Melvin. Nilijipanga kuongea taratibu. Wapi!

Anasema, "Dada, mimi sijasema kwamba wewe ni feki. Nimesema mimi ni halisi."

Nikamuuliza, tofauti yake nini?

"Watu wanapenda kujua nani ni nani. Mimi nina jina la Baba."

Na mimi nina jina la nani, la paka? Hapo ndege ikapita juu ya paa. Huku mtaani kwetu Keaukaha, karibu hivi na uwanja wa ndege, ndege ikipita unanyamaza, unasubiri, halafu unamalizia neno lako ulipoliachia. Hata watoto wachanga nadhani wanajua. Melvin amekaa mno Honolulu, kasahau. Aliendelea kuongea muda wote, sikusikia kitu. Mwishoni nikadaka tu: anakuja kwenye sherehe ya mjukuu wa Clyde anayetimiza mwaka. Baba atakuwepo. Tumwulize Baba mbele ya watu, tumalize.

Nikasema sawa. Nilisema haraka mno.

Maana Baba wa sasa si yule. Tangu mwaka jana anakuja na kuondoka, kumbukumbu haimkai. Siku nyingine mimi ni Evelani, jina la mama. Siku nyingine ananishukuru kwa adabu kama vile mimi ni mwuguzi. Nataka — niandike tu, hapa hasomi mtu — nataka aseme kwa kinywa chake kwamba ni mimi. Kabla hajaondoka moja kwa moja. Melvin achukue wateja wote wa dunia, mimi nataka hilo.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimemwota mama. Ameketi kwenye cherehani anazungusha mvua, uzi mmoja mrefu kutoka mbinguni, kapuni anaujaza. Nikamuuliza inatosha? Akaweka kidole mdomoni, anasikiliza.

Nimeamka na furaha isiyo na sababu. Nikampelekea Baba poi, ule uji mzito wa magimbi, na samaki barazani, nikamuuliza kama utani: Baba, hili jina Leohau ulilitoa wapi?

"Usiku," akasema. Akaendelea kula.

Mtu wa huku akisema jina limetoka usiku, maana yake ameliota. Na jina la ndoto si la kuchezea. Linaletwa na waliotangulia, linamjia mtu wake, apewe, avae. Likifichwa, mwenyewe huugua. Bibi alikuwa na hadithi chungu nzima za namna hiyo. Mama alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka kuzisikia. Alikuwa anapiga vyombo kwa makusudi bibi akianza.

Lakini jina la ndoto kwa kijisanduku cha waya? Baba bwana! Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Sikufanya kazi. Nimekaa dirishani nikiangalia matone yanavyofuatana kwenye waya wa kuanikia nguo, tone likimfikia mwenzake wanaanguka wote.

Clyde amepita kuuliza kama nina uhakika. "Tunaweza kuahirisha, Shelisheli. Nitasema gitaa limeharibika."

Nikamwambia apige tu. Naogopa sana. Sikumwambia hilo.

Jumamosi, 17 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Mikono inanukia moshi na maua.

Sherehe ilikuwa uani kwa Clyde, chini ya turubai. Nguruwe aliyeokwa ardhini ametoka shimoni asubuhi, kalainika hadi unamkata kwa kijiko. Mtoto mwenyewe amelala mapema, kavikwa mashada mpaka kidevuni, hana habari na mtu. Melvin akaja na wapigaji wake watano sita wa Honolulu, wakarimu, wamependeza. Akanivisha shada, akanibusu. "Umekonda, dada." Yeye kanenepa. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka. Sikutarajia, lakini nilikuwa nimemkumbuka sana.

Baba tulimkalisha katikati, kiti chenye mito. Mimi pembeni yake na bakuli la poi, namlisha. Nyuma yake, asipopaona, Clyde akaweka magitaa mawili. Moja kinasa cha Melvin, moja changu.

Akapiga la kwanza. Sauti safi, iliyonyooka, kama glasi iliyofutwa vizuri. Nzuri, sitaki unafiki.

Baba akatabasamu. "Hiyo yangu. Nimetengeneza mimi hiyo."

Watu wakapiga makofi. Melvin akashika kichwa kwa mikono miwili, macho yakamjaa machozi. Nikamwonea huruma na wivu kwa wakati mmoja.

Clyde akahamia la pili. Wimbo uleule, taratibu ileile. Na mimi nikaisikia sauti yangu ikipita juu ya vichwa vya watu, imelowa, inachelewa kidogo kufika mahali na ikifika inakaa. Baba akaacha kutafuna. Akafumba macho. Clyde akapiga hadi mwisho, na mtoto yule akaamka, hakulia.

Baba akasema, sauti kubwa, kila mtu akasikia:

"Hiyo si yangu—"

Ndege ikapita.

Sisi wa Keaukaha tukanyamaza, kila mtu na tonge lake mdomoni, tunasubiri. Wageni hawakusubiri. Kwao sentensi ilikuwa imekwisha! Wakaruka, wakapiga kelele, mmoja akampandisha Melvin begani, simu juu, picha. Na wenzetu, walipoona watu wanashangilia, nao wakashangilia. Clyde alisimama na kile chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi mkononi, kainamisha kichwa, hanitazami.

Ndege ikapita. Mlio ulipoisha Baba akamalizia pale alipoachia, kama mtu yeyote wa huku. Lakini kelele ilikuwa nyingi mno, ni mimi tu niliyekuwa karibu na mdomo wake:

"—ni ya Leohau. Yuko wapi? Hajala."

Yuko. Hakusema iko.

Nikabaki na kijiko hewani. Nikamuuliza, nani, Baba? Nani hajala? Akafungua mdomo, anasubiri poi.

Jioni Melvin akanifuata jikoni kwangu. "Pole, dada. Usinune. Endelea kutengeneza, andika tu Hilo pembeni ili watu wasichanganyikiwe."

Nikamuuliza, ulisikia Baba alivyomalizia?

"Alimalizia nini?"

Basi. Nikamwambia basi. Nikampa shuka na mto, akalale.

Jumapili, 18 Oktoba

Mvua imekatika. Kimya kinashangaza, majani yanadondosha tu.

Nimeamka nikiimba. Si kwa kazi, kitandani tu, na kwa mara ya kwanza nikayasikiliza maneno. Miaka yote hii nimeyatumia kama saa! "Njoo mdogo wangu wa mvua." "Nywele zako bado zina usingizi." Huo si wimbo wa kijisanduku. Huo ni wimbo wa jina, ule anaotungiwa mtu, mmoja, na mwingine hauchukui. Baba alimtungia mtu, kisha mtu hakupewa jina, na jina likakosa pa kukaa, akaliandika nyuma ya vinasa.

Utotoni niliugua mno. Hilo wote wanajua. Miaka ya kwanza walinibeba hospitali hadi wauguzi wakanizoea. Ulu ni jina alilochagua mama.

Lakini pia kabla ya Melvin kulikuwa na mtoto asiyekaa. Mama hakumtaja ila mara moja, akiwa na homa. Na pengine ni mama mwenyewe, pengine ndiye ambaye Baba alimwita hivyo walipokuwa wawili. Yeye ndiye mwenye cherehani. Sikuwahi kuuliza kwa nini Baba, mpigaji gitaa, alijua kutumia cherehani.

Wakati wa chai nikamchuchumalia Baba pale barazani. Leohau ni nani?

Akafurahi! Akanishika mkono. "Unamfahamu?"

Nikaja humu chumbani, nimekaa kwenye cherehani, naandika juu ya meza yake. Dirisha liko wazi. Barazani Melvin ameshika simu, anawaambia watu wake habari ya jana: mzee kathibitisha, kwa kinywa chake, mbele ya wote. Anaongea kwa furaha. Simlaumu.

Baba anaita.

"Leohau!"

Ameita kwa sauti ya zamani, ile ya kutuita kutoka baharini. Melvin kaitika. Kaweka simu chini, "Naam Baba, niko hapa." Bila shaka anadhani anaitiwa kazi yake.

"Si wewe," Baba kasema. Kwa upole tu.

Simu inaongea peke yake kwenye kiti.

Anaita tena. Ameugeuza uso huku, kwenye dirisha langu, lakini macho siwezi kuyaona kwa ule mwanga. Sijui anamwona nani. Nikiitika na mimi akaniambia si wewe, nitakuwa sina hata shaka ya kushikilia. Nisipoitika ataacha. Huwa anaacha, anasahau alikuwa anamtaka nani, anaomba maji.

Mara ya tatu sasa. Ameanza kuinuka kwenye kiti, peke yake, na Melvin anamtazama yeye, halafu ananitazama mimi. Nimefungua mdomo