Aliyekaa Upande wa Pili

Kokura, Alhamisi asubuhi

Kaka yangu Tsunehiko,

Nakusalimu kwanza, mengine yafuate. Natumaini u mzima na kile kikohozi chako cha baridi hakijakurudia. Sisi hatujambo. Baba bado anakaanga vikate vya samaki dukani, mgongo unamsumbua, na ukimwambia apumzike anakuuliza ulisomea wapi udaktari. Shangazi Kinue anakusalimu kwa namna yake, yaani anasema Jumapili hii kwenye kisomo cha kumkumbuka marehemu mama hutatokea, kwa hiyo nisihangaike kukuwekea mto wa kukalia. Mto wako nimeuweka. Ninataka uje, ndiyo sababu ya barua hii, ila nitaanzia mbali kidogo, univumilie.

Bado nacheza ile michezo ya video ya kupigana pale ukumbini nyuma ya stesheni. Kwenye skrini bado namtumia yule mwanamke mwenye mdoli wa chuma uliyenifundisha, ambaye ni kama kuendesha watu wawili kwa mikono ya mmoja, na wenye akili zao humkwepa. Mwaka huu nilikwama. Nilikuwa namsukuma mpinzani hadi ukingoni, mdoli anapiga, mwanamke anapiga, mdoli tena, na mwisho wa yote natandikwa mimi. Sugimori, mwenzangu wa timu, yule fundi matairi, aliniambia kwamba nabana kama mtu anayefunga mzigo wa kusafirisha. Alisema mpinzani anajikinga tu, anapiga miayo, anangoja nimalize. Nimwachie upenyo mdogo, akiona upenyo atatoa mkono, na hapo mdoli awe ameshafika. Nikaanza kujifunza kuacha upenyo, na wengi wakaingia.

Mmoja hakuingia. Tangu mvua za Juni, kila Jumanne jioni kuna mtu anakaa upande wa pili wa mashine yangu. Unajua zilivyopeana migongo, uso humwoni, na kuzunguka kwenda kumchungulia aliyekushinda ni kujivunjia heshima. Mtu huyu alinipiga nilivyopigwa nikiwa mwanafunzi. Kila nilipomwita mdoli arudi, alikuwa ameshaingia kunichapa. Hakuwahi wala hakuchelewa. Nikajua kuna mtu anayenichongea.

Nilimshuku Sugimori. Anajua kila ninachofanya, na wiki zile alikuwa mkarimu kupita kiasi, ananinunulia kahawa ya kopo bila sababu. Nikamtega. Nilimdanganya kwamba Jumanne nitamrudisha mdoli mapema, kisha sikufanya hivyo. Yule wa upande wa pili hakubabaika hata kidogo, akanichapa palepale pa siku zote. Sugimori alipogundua nimempima, alinuna, halafu akaniambia, "Dada, ungeniuliza tu. Ningekudanganya mwenyewe, tena vizuri zaidi." Kahawa, kumbe, ilikuwa ya kuombea namba ya simu ya binamu yetu.

Nikahamia kwa Bi Orie wa kaunta. Kila nikimuuliza nani anakaa kule, anafuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu mwanzo. Nilimshuku vibaya, kaka, hata salamu zangu kwake zikawa fupi.

Jumanne iliyopita nilijaribu kitu kipya kabisa. Sikumwita mdoli. Nilimwacha amesimama nyuma ya mpinzani, mimi nikarudi hatua kadhaa kama nimechoka. Yule bingwa akanifuata mbio, akaingia mzimamzima, mdoli akamwangukia mgongoni. Nikarudia, akaingia tena. Nilipaswa kufurahi, lakini nilitoa mikono kwenye vitufe. Mtu huyu alijua yote niliyokuwa nacheza zamani, na hakujua hata moja la karibuni.

Nikakitazama kidole gumba changu. Kitufe cha kumwita mdoli nakibonyeza kwa kidole hiki, na tangu kiungue kwa mafuta ya baba kinachelewa kidogo kujikunja. Sugimori hajui. Bi Orie hajui. Aliyejua ni yule aliyekishika chini ya bomba la maji akaniambia nisilie.

Ni wewe, kaka. Uko Kokura tangu Juni, na barua ninazokutumia Nagoya ulikokuwa ukiishi zinarudi. Unakuja kucheza na mimi Jumanne kisha unapita mbele ya duka letu kama mgeni. Imeniuma, sikufichi. Najua unachokiogopa. Ulichelewa kutoka kwenye mashindano Tokyo, mama akafa hupo, na baada ya mwili kuchomwa baba alikunyima mbele ya watu wote vile vijiti ambavyo wafiwa huokotea mifupa ya marehemu majivuni.

Jana, tukifungua duka, nilimwambia baba. Aliyaacha mafuta hadi yakaanza kutoa moshi. Kisha akauliza kama umekonda. Nikamjibu kwamba uso wako sijauona, kwa kuwa adabu ya ukumbini hairuhusu kuzunguka mashine. Akasema yeye alimnyima mtoto mifupa ya mama yake, kwa hiyo nisimwambie habari za adabu. Akaniambia nizunguke.

Barua hii namwachia Bi Orie, ambaye kumbe alikuwa akikuficha, najua itakufikia kabla ya Jumamosi. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kwenye mashine yangu, na raundi ikiisha nitazunguka. Ukitaka kukimbia, kimbia mapema. Ila ujue sitakuwa peke yangu. Baba ameshaniuliza kama huko ukumbini kuna kiti cha mtu mwenye mgongo mbovu.

Ujifunike vizuri usiku, na Mungu wa mama akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Chigusa