Jiko la Mogaka la Kubebwa Mgongoni

Laini ya Chini,
Njia ya Chepseon,
Kericho.
14 Julai 2024

Mpendwa dada Mellen,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na lile goti lako liwe limekubali kukunjika bila kukulaumu. Shemeji Onyiego anaendeleaje na kazi yake ya reli? Na jua la Voi, bado linakausha hata mate? Huku tungeomba mtugawie. Mvua yetu siku hizi hainyeshi ikaisha, inakaa tu hewani, na nguo nilizofua Jumapili bado hazijakauka.

Mimi ni mzima wa mwili. Kepher pia ni mzima, amerefuka mpaka suruali ya shule inataka kuwa kaptura. Mogaka hajambo kidogo. Hiyo kidogo ndiyo nataka kukueleza. Kwa simu sikuweza kwa sababu analala hapo karibu na angesikia.

Barua inakuja kwa mkono wa jirani yangu Chelangat, anayekuja kumwona binti yake aliyejifungua huko kwenu. Nimempa pia majani chai yako. Tafadhali usiyazamishe kwenye maziwa kama unavyopenda, yaonje kwanza yenyewe.

Unajua mashine za kuchuma chai zilipoletwa, Mogaka aliachishwa kazi pamoja na wengi. Divisheni yangu mimi ya shamba iliachwa kwa sababu ni mteremko mkali, na tuliambiwa mashine haiwezi kupanda huku. Kwa hiyo nilibaki na kikapu changu, na kwa ajili ya kikapu hicho tukabaki na nyumba. Huku mwenye kazi ndiye mwenye nyumba. Kazi ikienda, unafunga godoro.

Sasa meneja wetu alipohamishwa aliacha jiko lake la kuchomea nyama. Ni lile la Wazungu, la mviringo, lenye kifuniko kama sufuria ya harusi, miguu mirefu na magurudumu mawili. Mogaka alikuwa akimfyekea nyasi, akapewa. Nilicheka nilipoliona linaingia, kwa sababu hata kuku hatukuwa naye. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mogaka alisema atakuwa anachoma mbavu za mbuzi na kuwapelekea wachumaji saa sita, pale juu kwenye banda la kupimia chai, ambako watu hula ugali mkavu tangu enzi za babu zao.

Kilichokuwa kigumu ni kulifikisha. Magurudumu yalizama kwenye tope kabla hajapita choo cha laini yetu ya nyumba. Basi shemeji yako akageuka fundi. Alikata miguu kwa msumeno wa chuma, akaweka mingine mifupi ya kukunjwa kwa bawaba za mlango. Kifuniko akakifunga kwa ndoana mbili kisifunguke njiani. Alijaribu kuziba matundu ya chini ili majivu yasidondoke, moto ukazimika, akayazibua tena huku akinitazama kana kwamba nimeyaziba mimi. Mwisho alichukua mikanda ya kikapu chake cha zamani, akaifunga kwenye jiko, akalivaa mgongoni. Alitembea nalo uani, mikono mitupu, akitabasamu. Dada, sikuwa nimeona meno yake tangu aachishwe kazi. Nilimpenda siku ile kama nilivyompenda nikiwa msichana.

Siku ya kwanza ya kuuza alichomea nyumbani, akaacha makaa kidogo ndani ili nyama ifike ikiwa moto. Alitanguliza gunia mgongoni, akaona inatosha. Njiani manyunyu yakaanza. Akafanya kile ambacho kila mchumaji hufanya mvua ikija bila hata kufikiri: alijifunika mgongo kwa karatasi yake ya nailoni, kisha akabeba mzigo juu yake.

Mimi nilikuwa kwenye mistari ya chai. Nilimwona anapanda, nikaona na moshi. Nilipiga kelele alitupe chini. Wote tulipiga kelele. Hakulitupa. Wewe hujawahi kuchuma chai, kwa hiyo nikueleze. Kikapu hakitupwi. Ukimwaga majani kwenye matope karani hayapokei, na siku yako imekwenda bure, kwa hiyo mwili unajifunza kuvumilia mpaka bandani. Mogaka alifika bandani, akapiga magoti, akalishusha polepole kama alivyoshusha vikapu maisha yake yote. Hakuna ubavu hata mmoja ulioanguka. Nailoni ilikuwa imeshikana na ngozi.

Hospitali walimtibu vizuri, siwezi kuwalaumu. Lakini hawezi tena kuvaa mkanda mgongoni, na analala kifudifudi akitazama ukuta. Hata hivyo aliendelea kuniagiza. Niweke bati kati ya jiko na mgongo, niache nafasi ya vidole viwili hewa ipite, nitakuwa nalibeba mimi saa sita. Nilikwenda kwa fundi Kipkirui wa Chepseon akalitengeneza bati hilo, na kweli jiko sasa halichomi. Ni kazi nzuri sana.

Ila wakati huo tulikuwa tumeshaitwa bandani. Imeletwa mashine ndogo ya kushikwa na watu wawili, na hiyo inapanda mteremko. Sote tumeachishwa. Nyumba tunairudisha mwisho wa Agosti. Wateja wa Mogaka walitawanyika, wengine Sotik, wengine makwao Kisii.

Sikumwambia. Kila asubuhi nilivaa aproni, nikachukua kikapu na jiko, nikaenda kupalilia mahindi ya watu. Jioni aliniuliza kama wachumaji wamekula vizuri, nami nikamjibu kwamba wameuliza habari zake na wanataka ubavu wenye mafuta. Aliitikia kwa kichwa, akalala. Niliona ni heri aendelee kuwa na kitu cha kungoja.

Juzi nilianza tena hadithi yangu ya jioni, akanizuia.

"Mama Kepher, acha tu. Hiyo mashine naisikia tangu wiki ile ya kwanza."

Nikamuuliza, mbona basi ulikuwa ukiniuliza kila siku?

"Nilidhani wewe bado una matumaini," akasema. "Sikutaka kuyavunja."

Sikuwa nayo, dada. Hata yeye hakuwa nayo. Tangu siku hiyo hatuulizani kitu jioni, tunakula na kulala. Jiko liko nyuma ya mlango na sijui nilifanyie nini. Kaka yake Mogaka amesema tunaweza kukaa katika jiko la zamani la mama yao huko Nyamira, ambalo halina dirisha. Tutakwenda huko.

Usihangaike kutuma chochote. Niombee tu nisimchukie mtu.

Nisalimie shemeji Onyiego, mwanao Atuti na mama mkwe wako. Kepher anasema shikamoo. Mogaka anawasalimu nyote, amenigeuzia uso aseme hivyo. Mungu awafunike, awakinge na kila linalochoma.

Mdogo wako akupendaye daima,
Nyabate