Kingo za Tundu la Moshi

Ng'ambo, Tabora
3 Juni 2024

Mwanangu Wilbroad,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi na mama yako tu wazima, mgongo wangu tu ndio unaolalamika. Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena. Injini zimekula masikio yangu, na wewe tangu utotoni unaongea kama unayeungama.

Paroko ameomba ile pikipiki yangu ya mipigo miwili iongoze maandamano ya jubilei mwezi Septemba. Sijaigusa tangu dada yako Levina afe nayo, mwaka wa sita huu. Lakini nimekubali. Nitafutie pistoni huko Kigoma. Silinda nitaifungua mwenyewe.

Baba yako,
Ambrosi

Kigoma
17 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Nashukuru kusikia mu wazima. Mimi sijambo, kazi hapa gereji zipo.

Pistoni sijapata. Kwa nini usiiuze tu kama chuma chakavu? Paroko atapata pikipiki nyingine. Nakuomba usiifungue.

Mwanao,
Wilbroad

Ng'ambo, Tabora
29 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Hatujambo. Tangu lini fundi akamkataza fundi mwenzake kufungua injini?

Asubuhi ile mimi ndiye niliyemjazia dada yako petroli. Kama nilichanganya oili kwenye petroli ile, sikumbuki, na bila oili injini ya mipigo miwili hukauka ikakwama. Injini ikanoki, ikakwama ghafla njia ya Kwihara, tairi la nyuma likafunga, akaanguka. Siku ya mazishi mama yako aliniuliza kama niliweka oili, nikashindwa kumjibu. Tangu hapo ananiandalia chakula, kisha anakwenda kula jikoni peke yake. Kama mimi ndiye niliyemuua Levina, nataka nijue.

Baba yako,
Ambrosi

Kigoma
25 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeandika nikachana mara nyingi.

Oili uliweka. Mimi ndiye niliyeikokota pikipiki nyumbani siku ile, na petroli kwenye tangi ilikuwa na rangi ya oili.

Wiki moja kabla, ulipokwenda msibani Nzega, Levina alinilalamikia kwamba pikipiki inalemewa kwenye mchanga akibeba sanduku la chanjo za zahanati. Nikafungua silinda. Nikalipandisha kwa tupa tundu la moshi, lile la ubavuni mwa silinda linalotoa moshi, nikalipanua, nikapunguza na pistoni upande wa kabureta. Iliruka, Baba! Levina alizunguka uwanja mara tatu akicheka.

Kingo za tundu sikuzilainisha. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha. Nadhani ringi ya pistoni ilinasa pale ikaikwamisha injini. Nilikuona makaburini ukijilaumu, nikaogopa, nikapanda treni ya Kigoma.

Mwanao,
Wilbroad

Ng'ambo, Tabora
4 Agosti 2024

Marahaba Wilbroad,

Sisi wazima. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaifungua silinda. Ni kama ulivyosema. Ringi ilinasa ukingoni ikakatika vipande viwili, na pistoni haina mikwaruzo ya kukosa oili.

Nakwambia jambo la aibu. Kwanza nilifurahi. Nilikaa chini pale gereji nikafurahi kwamba si mimi, ndipo nikakumbuka kwamba ni wewe.

Matundu umeyachonga vizuri kuliko nilivyokufundisha. Kingo tu, mwanangu. Dakika kumi za msasa.

Nina hasira nawe, na si kwa ajili ya tupa. Fundi yeyote anaweza kukosea, hata mimi. Lakini ulijua, ukaniacha miaka sita nikila peke yangu, na mama yako naye peke yake.

Yeye hajui bado. Nimemwambia umeleta salamu tu. Usimwandikie. Panda treni uje umwambie kwa mdomo wako. Nitakaa karibu nawe, ila sitakusemea hata neno moja.

Baba yako,
Ambrosi