Plasta ya Baba Mkwe

Shoga, uko? Nimetoka kutapika.

Asubuhi nililalamika mgongo. Mama mkwe akaninyanyua blauzi, akanibandika plasta ya dawa. Nikamshukuru! Nikamwambia ina joto zuri.

Joto zuri. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mchana kichwa kikaanza kuzunguka, macho mazito. Nikaibandua. Shoga, kwenye gundi kumejaa nywele nyeupe!! Mimi nywele nyeupe za mgongoni nimezitoa wapi?

Namuuliza, ananijibu bila haya: “Ni ya baba yako, ya maumivu ya ile operesheni. Dawa yake inapenya kwenye ngozi polepole, bado ilikuwemo. Ningeitupa?”

JASHO LA BABA MKWE. Nimeshinda nalo mgongoni.

Nimempigia muuguzi anayemhudumia baba mkwe, kanifokea. Anasema hiyo dawa ni kali, na iliyokwisha kuingia kwenye ngozi itaendelea kwenda kwenye damu hata kama nimebandua. Niende hospitali sasa hivi, nisiende peke yangu. Njoo unichukue, mbio.

Halafu baba mkwe kaingia sebuleni, kaniona na plasta mkononi. Unajua kafanya nini? Kavua shati, kanigeuzia mgongo.

Anasubiri nimrudishie.